Chronicling America: hifadhi ya bure ya magazeti ya wakulima walioiasi Marekani ya reli na mabenki

Kwa yeyote anayesoma, kufundisha au kuandika kuhusu wakulima wa Marekani wa kati ya 1870 na 1900, huduma ya kwanza ninayomwelekeza ni Chronicling America, hifadhi ya magazeti ya kale iliyo chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ni ya bure kabisa. Huombwi kujisajili, huombwi kadi ya benki, wala hufiki katikati ya habari ukaambiwa ulipe ndipo uendelee. Ina zaidi ya kurasa milioni 20 zilizopigwa picha, na sehemu kubwa ya utajiri wake ni magazeti madogo ya wilayani, yaliyotoka mara moja kwa wiki kwa ajili ya mji mmoja na mashamba yaliyouzunguka. Kwa mada hii, hayo ndiyo dhahabu.

Mimi ni mwalimu wa historia, na nimekulia katika nyumba iliyoishi kwa pamba. Kwa hiyo siwezi kusoma habari za Muungano wa Wakulima, jumuiya ya wakulima waliojipanga kujitetea, iliyoanzia wilaya ya Lampasas, Texas, mnamo 1877, kama habari za watu wa mbali. Mkulima wa Kusini wa enzi hizo alichukua mbegu, unga na nyama kwa mkopo dukani mwanzo wa msimu, akaweka rehani pamba ambayo haijaota. Alinunua kwa bei ya mkopo, iliyokuwa juu sana kuliko bei ya fedha taslimu. Pamba ilipovunwa, mwenye duka ndiye aliyeshika daftari na kutamka deni lililobaki. Vitabu vya kiada hulimaliza jambo hili kwa aya moja. Kwenye magazeti linarudi kila wiki, mwaka baada ya mwaka, mpaka unaelewa kwa nini watu wapole, washika dini, walifikia kudai kwamba reli ziwe mali ya serikali.

Matumizi yake ni mepesi. Unachagua jimbo, unaweka miaka, unaandika maneno unayoyatafuta, na kurasa zinakuja zikiwa na maneno hayo. Ukurasa unaukuza mpaka usome herufi ndogo kabisa, na ukiutaka unaupakua. Kwa mwenye simu na bando dogo, nashauri asifungue picha kubwa ovyo. Anaweza kufungua kwanza maandishi yaliyotolewa na mashine, akaona kama habari inamfaa, kisha ndipo aifuate picha. Hayo yatosha kuhusu vitufe, kwa sababu ubora wa huduma hii uko kwenye kilichomo ndani.

Anzia Nebraska. Nasema hivyo kwa sababu magazeti ya jimbo hilo yamewekwa kwa wingi na kwa mfululizo mzuri, na kwa sababu siasa zake za miaka ya 1890 zinaonyesha mchezo mzima. Lipo The Farmers' Alliance la mjini Lincoln, lililohaririwa na Jay Burrows na baadaye likabadilika jina kuwa The Alliance-Independent. Lipo Omaha Daily Bee, gazeti kubwa la kila siku la Edward Rosewater, mtu wa Chama cha Republican ambaye hata hivyo aligombana na makampuni ya reli. Halafu yapo ya miji midogo, kama Red Cloud Chief na McCook Tribune. Ukiyasoma haya pamoja, wiki ileile, unapata kitu ambacho hakuna mwandishi wa baadaye awezaye kukupa: unaona wakulima wanavyojieleza, watu wa mjini wanavyowaeleza, na namna maisha ya kawaida yalivyokuwa yakiendelea huku ugomvi ukipanda.

Majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, bei ya mahindi ilikuwa chini kiasi kwamba familia za Nebraska na Kansas ziliyachoma jikoni badala ya makaa ya mawe. Mahindi yalikuwa mengi, lakini gharama ya kuyasafirisha hadi Chicago ilimeza karibu kila senti. Kisha ukaja ukame wa 1890. Uchaguzi ulipofika Novemba mwaka huo, wakulima hawakuwa tena na subira ya kuchagua kati ya vyama viwili vilivyozoeleka. Walisimamisha wagombea wao wenyewe. Walilitwaa bunge la jimbo, wakampeleka William McKeighan wa Red Cloud kwenye Bunge la taifa, na John Powers, mkulima aliyekuwa rais wa Muungano wa jimbo, akaukosa ugavana kwa kura chache mbele ya James Boyd wa Chama cha Democratic.

Fuatilia kilichofuata gazeti kwa gazeti. Wabunge wakulima walipitisha mswada wa kuweka kikomo cha nauli za mizigo kwenye reli, uliojulikana kama mswada wa Newberry. Gavana Boyd akaukataa, masika ya 1891. Wakati huohuo Boyd mwenyewe alikuwa akishitakiwa kwamba si raia, kwa kuwa alizaliwa Ireland na uraia wa baba yake ulikuwa na mashaka. Mahakama ya jimbo ikamwondoa ofisini, gavana wa zamani John Thayer akarudi kwenye kiti, na Februari 1892 Mahakama Kuu ya Marekani ikamrudisha Boyd. Mswada ukaja tena 1893 na safari hii gavana mpya, Lorenzo Crounse, akautia sahihi. Makampuni ya reli yakakimbilia mahakamani. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria hiyo katika kesi ya Smyth dhidi ya Ames, ingawa miongoni mwa mawakili waliolitetea jimbo alikuwa William Jennings Bryan, mwanasiasa mashuhuri wa Nebraska. Miaka 7 ya jasho la wapiga kura ikafutwa na majaji. Nimewahi kulisoma jambo hili likiwa limefupishwa kwa sentensi mbili, na halikunigusa. Kulifuata toleo kwa toleo ni jambo jingine. Kila wiki mhariri wa wakulima anaamini ushindi u karibu, nawe unajua 1898 inakuja.

Lakini kurasa ninazozirudia zaidi ni za nyuma. Magazeti ya wilaya yalichapa matangazo ya kisheria, na miongoni mwake ni matangazo ya sherifu ya kunadi mashamba. Fungua Red Cloud Chief au McCook Tribune ya miaka ya 1890 uyatazame. Yameandikwa kwa ukavu ule ule kila mara: anayedai, ambaye mara nyingi ni kampuni ya mikopo, anayedaiwa, mara nyingi mume na mke, robo ya kipande fulani cha ardhi, kwa namba zake za upimaji, siku na saa ya mnada, mlangoni pa mahakama ya wilaya. Hakuna neno la huruma wala la hasira. Hapo ndipo utakapojua kwamba hotuba kali zilizoko ukurasa wa mbele zilikuwa na msingi. Mwanafunzi akiniuliza kama viongozi wa wakulima walitia chumvi, namwambia asome matangazo hayo kwa mwaka mmoja wa wilaya moja, kisha tuzungumze.

Jambo jingine linalofanywa vizuri na hifadhi hii ni kukuwezesha kufuata tukio la jimbo moja kupitia macho ya jingine. Mfano wangu ni vita vya bunge la Kansas. Uchaguzi wa 1892 ulimpa Lorenzo Lewelling, wa Chama cha Watu (chama kilichozaliwa na harakati hizi za wakulima, wafuasi wake wakiitwa Wapopulisti), ugavana wa Kansas, na Seneti ya jimbo ikawa mikononi mwa chama chake. Baraza la wawakilishi likagombaniwa. Januari 1893 pande mbili zilikutana katika ukumbi mmoja mjini Topeka, kila upande ukiwa na spika wake: J. M. Dunsmore wa Wapopulisti na George Douglass wa Warepublican. Wote wawili walikaa mbele, kila mmoja akiongoza kikao chake kama mwenzake hayupo. Tarehe 15 Februari Warepublican waliukuta mlango umefungwa, wakauvunja kwa nyundo kubwa wakaingia. Gavana akaita wanajeshi wa jimbo, na kamanda wao, Kanali Hughes, aliyekuwa Mrepublican, akakataa kuwatoa waliomo ndani kwa nguvu. Siku chache baadaye mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba baraza halali ni lile la Warepublican.

Weka tarehe za katikati ya Februari 1893, usichague jimbo lolote, uandike Topeka na Lewelling. Utaona habari hiyohiyo ikisambaa kwa telegrafu kwenye magazeti ya nchi nzima, na kila mhariri akiigeuza kulingana na hofu zake. Kwa darasa langu hili ni zoezi bora kuliko mhadhara wowote. Wanafunzi wanachukua magazeti mawili ya siku moja, wanapiga mstari chini ya yale ambayo yote mawili yanakubaliana, na kilichobaki ndicho tunachokijadili.

Kwa mkutano wa Omaha ni vivyo hivyo. Tarehe 4 Julai 1892, sikukuu ya uhuru, wajumbe wa Chama cha Watu walipitisha ilani yao mjini humo, na katika mkutano huohuo wakamteua James Weaver wa Iowa kuwania urais. Dibaji iliandikwa na Ignatius Donnelly wa Minnesota, na inalia kwamba taifa limefikishwa ukingoni mwa maangamizi ya kimaadili, kisiasa na kimali. Ndani yake na katika maazimio yaliyoambatana nayo mna kodi ya mapato inayopanda kulingana na kipato, benki za akiba za posta, kura ya siri, na maseneta kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Soma Omaha Daily Bee ya tarehe 5, mji mwenyeji ukisimulia wageni wake. Weaver alipata zaidi ya kura milioni 1 mwezi Novemba. Mengi ya aliyoyasimamia yaliitwa wazimu wakati huo, na yakawa sheria kabla watoto wa wapiga kura wake hawajazeeka.

Sasa upungufu, na upo. Maandishi unayoyatafuta yalisomwa na mashine kutoka kwenye karatasi iliyochakaa, kwa hiyo herufi hukosewa, hasa kwenye magazeti ya mashambani yaliyochapwa kwa wino hafifu. Neno lililokatwa mwisho wa mstari linaweza lisipatikane. Ukitafuta mpango mkubwa wa 1889 wa Charles Macune, kiongozi wa Muungano, ule wa maghala ya serikali ambapo mkulima angehifadhi mazao na kukopeshwa asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ya asilimia 1, jaribu jina lake la Kiingereza lenye kistari, sub-treasury, na lisilo nacho, subtreasury, na ujaribu pia jina la Macune peke yake. Ukiishia kwenye jaribio la kwanza utadhani jimbo fulani halikuujadili mpango huo, na utaandika uongo kwa nia njema. Ushauri wangu ni kutumia utafutaji kuingia tu. Ukishapata gazeti linalofaa, acha kutafuta, lisome toleo baada ya toleo kwa miezi kadhaa.

Mtego mwingine ni kurasa zilizonunuliwa. Magazeti mengi madogo yalipokea karatasi zilizokwisha kuchapwa upande mmoja, zikiwa na hadithi, mashairi, matangazo ya dawa na habari za mbali, kisha mhariri akajaza upande wa pili. Makala inayojitokeza kwenye magazeti mengi ya wilaya haimaanishi kwamba wilaya zote hizo zilikuwa na wazo moja kwa wakati mmoja. Angalia kama imezungukwa na habari za kijijini, nani kauza ng'ombe, nani kafiwa. Ikiwa imezungukwa hivyo, hapo mhariri mwenyewe ndiye anayesema.

Kuna upungufu mzito zaidi ya hayo. Desemba 1886, katika wilaya ya Houston, Texas, wakulima weusi waliunda Muungano wao wenyewe, kwa sababu ule wa wazungu haukuwaruhusu kuwa wanachama. Ulienea kote Kusini. Mwaka 1891 wachumaji wa pamba walipogoma katika wilaya ya Lee, Arkansas, waliandamwa na kuuawa, na kiongozi wao Ben Patterson akiwa miongoni mwa waliouawa. Ukiwatafuta watu hawa kwenye hifadhi utawakuta karibu kila mara wakisimuliwa na magazeti ya wazungu, na magazeti hayo yanaandika kama polisi, si kama majirani. Magazeti ya Weusi yaliyomo, kama Richmond Planet la Virginia, ni ya lazima kwa yeyote anayesoma Kusini, ila ni machache mno mbele ya bahari ile nyingine. Kosa hili halianzii kwa waliopiga picha, kwani maskini na aliyeandamwa huacha karatasi chache. Lakini msomaji asiyelijua atatoka akidhani harakati za wakulima zilikuwa za wazungu peke yao, na huo ni upotofu ambao utajiri wa hifadhi hii unaweza kuukuza badala ya kuuponya.

North Carolina ndiko jambo hili linakouma zaidi. Lipo Progressive Farmer, lililoanzishwa na Leonidas Polk mwaka 1886, ambalo kwa matoleo ya 1888 na 1889 lingetosha kufundishia mgomo wa magunia peke yake. Kundi la wafanyabiashara waliojifungia soko walipandisha bei ya kitambaa cha juti cha kufungia marobota, na wakulima wakaamua kufunga pamba kwa kitambaa cha pamba. Polk alifariki Juni 1892, wiki chache tu kabla ya mkutano wa Omaha, ambako wengi walitarajia yeye ndiye angepewa bendera. Lipo pia The Caucasian, gazeti la Marion Butler, aliyekuwa seneta wa Wapopulisti, na jina la gazeti lenyewe linakuonyesha mpaka ambao mageuzi yake hayakuuvuka.

Hata hivyo Wapopulisti na Warepublican wa jimbo hilo, wakiwemo wapiga kura weusi, waliungana 1894 wakalitwaa bunge. Walirudishia wilaya haki ya kuchagua viongozi wake, wakaweka kikomo cha riba cha asilimia 6, wakaongeza fedha za shule. Mwaka 1896 Mrepublican Daniel Russell akapata ugavana. Jibu lilikuja tarehe 10 Novemba 1898 mjini Wilmington, pale wazungu wenye silaha walipochoma ofisi ya gazeti la Alexander Manly, mhariri mweusi, wakaua watu weusi mitaani, na kuilazimisha serikali halali ya mji kujiuzulu. Miaka miwili baadaye jimbo likabadili katiba na kuwanyima Weusi kura. Usisome matukio hayo kwa gazeti moja. Magazeti yaliyoshabikia mauaji yameandikwa kwa ustadi na kwa uhakika wa kutisha, na mwanafunzi asiyeandaliwa atayaamini. Mimi huwa natangulia kuwapa Richmond Planet la wiki zile, ndipo nawafungulia mengine.

Kwa Texas, jitayarishe kwenda pengine, kwa kuwa Southern Mercury la Dallas, sauti ya Muungano wa jimbo hilo, utalipata kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Texas yenyewe, nayo pia ni ya bure.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja naizuia kwa sababu ya sauti zinazokosekana na kwa sababu utafutaji wake unamlaghai mgeni. Kwa mwalimu wa kidato cha tano na sita, kwa mwanafunzi wa chuo asiye na pesa ya kununulia vitabu, na kwa mtu wa ushirika anayetaka kuona wakulima wa kabla yake walivyojipanga na walivyoshindwa, naipendekeza bila kusita. Anza na Nebraska, Oktoba 1890, wiki za mwisho za kampeni, The Farmers' Alliance upande mmoja na Omaha Daily Bee upande wa pili. Usisahau ukurasa wa nyuma wa Red Cloud Chief.